Milima Iliyoizamisha Meli

Tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kusini ya Kigoma, mafundi wa Kijerumani waliipaka grisi injini ya meli waliyoiunga wenyewe. Waliipaka nene, kila pistoni, kila kiungo, kila mahali ambapo maji yangeweza kupenya na kuacha kutu. Kisha wakaizamisha. Meli yenyewe iliitwa Graf von Götzen, na tangu ifanye safari yake ya kwanza ulikuwa umepita mwaka mmoja na wiki chache tu. Anayekusudia kuharibu hapotezi grisi. Mafundi wale, wakiongozwa na Anton Rüter, waliizamisha wakitumaini kwamba vita vitakwisha na wao watarudi kuichukua.

Masimulizi mengi kuhusu meli hii huanza na wanajeshi wa Uingereza walioburuta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini hadi ziwani. Kisa hicho ni cha kweli na kimewapa Wazungu vitabu chungu nzima. Hata ile filamu ya mwaka 1951, The African Queen, imetokana na riwaya ambayo mwandishi wake aliipata sura ya meli ya adui kwa kuitazama Götzen. Lakini Mimi na Toutou hazikuizamisha Götzen. Hazikuirushia hata risasi moja. Anayetaka kujua kwa nini Wajerumani waliamua kuitoboa meli yao mpya lazima aliache ziwa, apande milima ya Burundi mpaka afike Gitega.

Tuanze na meli yenyewe, maana kuzaliwa kwake ni ajabu tosha. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, kaskazini ya Ujerumani. Ilipokamilika ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakiwa Hamburg kuelekea Dar es Salaam. Kutoka pwani ilisafiri kwa reli ya kati, reli ambayo yenyewe ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Papenburg iliwatuma mafundi watatu, Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waje kuiunga upya. Kazi ya kugonga ribiti, kunyanyua mabamba ya chuma na kusukuma mizigo ilifanywa na vibarua Waafrika waliokuwa wengi mara nyingi kuliko mafundi hao, na majina yao hayakuandikwa kwenye kumbukumbu zinazosomwa leo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, meli ilikuwa bado chuma kilichotandazwa ufukweni. Iliingizwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaanza kazi Juni mwaka huo, ikiwa na urefu wa mita 71 hivi. Hapakuwa na chombo kingine ziwani kilichokaribia ukubwa huo.

Jina lake nalo lina historia inayotuhusu. Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda katika safari yake ya 1893 na 1894, akavuka bara zima mpaka Atlantiki. Baadaye, kuanzia 1901 hadi 1906, alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni katika utawala wake ndipo Mwami Mwezi Gisabo, mfalme aliyewahangaisha Wajerumani kwa miaka, alipolazimishwa kukubali himaya yao huko Kiganda tarehe 6 Juni 1903. Na ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilipozuka kusini mwa Tanganyika, vikazimwa kwa kuchoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Walioipa meli jina hilo walikusudia kumtukuza. Mtu wa Songea au wa Kiganda aliyelisikia hakuwa na sababu ya kufurahi.

Kazi ya Götzen vitani ilikuwa kubeba askari. Tanganyika ni ziwa refu, kilomita zaidi ya 670 kutoka Bujumbura hadi Mpulungu, na kandokando yake wakati huo hapakuwa na barabara ya maana. Jeshi lililotembea kwa miguu kutoka Kigoma hadi Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, lilitumia majuma. Götzen ilichukua mamia ya askari na mizigo yao ikawafikisha kwa siku mbili tatu. Wabelgiji waliokuwa ng'ambo, upande wa Kongo, hawakuweza kujua askari hao wangeshushwa wapi kesho. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake kubwa. Mzinga wake wa sentimita 10.5, uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyokwisha katika delta ya Rufiji, ulitisha sana, lakini haukukaa sana. Jeshi la nchi kavu liliuhitaji, ukang'olewa, pakawekwa mzinga wa mbao ili adui asijue.

Wakati huohuo Waingereza waliiteka meli nyingine ya Kijerumani, Kingani, tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha ya pili, Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916. Götzen ikabaki peke yake. Wabelgiji wakaleta ndege za kutua majini, wakaanza kuidondoshea Kigoma mabomu Juni 1916. Hata hayo hayakuimaliza.

Kilichoimaliza kilitoka kaskazini kwa miguu. Jenerali Tombeur, kamanda wa majeshi ya Wabelgiji, aliigawa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, katika brigedi mbili. Ya Kaskazini ilipita Rwanda. Ya Kusini, chini ya Olsen, ambaye alikuwa Mdenmarki katika utumishi wa Ubelgiji, ilivuka Mto Rusizi na kuichukua Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mapema Juni 1916, kisha ikapanda milima kuelekea Gitega.

Kwa nini Gitega? Kwa sababu ndiko Wajerumani walikokuwa wamehamishia makao yao mwaka 1912, wakitoka Usumbura kwenye joto na malaria, ili wawe katikati ya nchi na karibu na baraza la mwami. Walijenga boma, na nyuma ya boma wakaja askari, makarani, wachuuzi kutoka Ujiji na Tabora, mafundi cherehani, wapishi. Kiswahili kilichozungumzwa na watu hao hakijaondoka Gitega mpaka leo, wala Uislamu waliokuja nao, na Muyinga nayo ina mitaa ya aina hiyohiyo. Mwaka 1916 mwami alikuwa mtoto mdogo, Mwambutsa, aliyetawazwa Desemba 1915 baada ya kifo cha Mutaga, na nchi iliendeshwa na wakubwa wa ukoo waliokuwa wakitazamana kwa mashaka. Wajerumani hawakuwa na askari wa kutosha kuilinda. Walirudi nyuma. Tarehe 17 Juni 1916 Wabelgiji waliingia Gitega.

Hapo ndipo hatima ya meli ilipoamuliwa, zaidi ya mita 700 juu ya maji ilimoelea. Kigoma ilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: reli iliishia pale. Risasi, chakula cha askari na vipuri vyote vilifika kwa reli hiyo kutoka Tabora. Aliyeishika Gitega alikuwa na njia ya kushuka kupitia Uha na kuifikia Kigoma kutoka nyuma, upande ambao hakuna meli inayoweza kuulinda. Brigedi ya Olsen ilifanya hivyohivyo. Kapteni Gustav Zimmer, mkuu wa wanamaji wa Kijerumani ziwani, aliona kwamba hata angezishinda ndege na mashua, angebaki na meli isiyo na bandari. Akatoa amri. Grisi ikapakwa. Siku mbili baadaye, tarehe 28 Julai, Wabelgiji waliingia Kigoma, na Septemba 19 wakaichukua Tabora.

Nataka nikae kidogo na watu waliobeba mizigo ya jeshi lile. Lori halikuwepo, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Kila sanduku la risasi na kila gunia la mchele lililopanda kutoka Rusizi hadi Gitega, kisha likashuka hadi Kigoma na Tabora, lilikuwa kichwani au begani mwa mtu. Wengine walitoka Kongo na jeshi lenyewe. Wengine walikamatwa njiani, vijana wa milimani waliochukuliwa mashambani mwao katika majira ya kiangazi na kutembezwa hadi nchi kavu ya Unyamwezi, kwenye maji mabaya, chakula wasichokizoea, na homa ambazo miili yao ya baridi haikuzijua. Wengi hawakurudi. Kuna makaburi ya maofisa wa Kizungu wa kampeni ile yanayotunzwa hadi leo. Wapagazi hawana. Ukiniuliza nani aliizamisha Götzen, nitawataja hao kabla ya Olsen.

Meli ilikaa chini ya maji, ikainuliwa na Wabelgiji baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa, waliinyanyua mwaka 1924. Walipofungua chumba cha injini walikuta grisi ya Rüter imefanya kazi yake: mitambo ilikuwa mizima kiasi cha kutengenezeka. Mei 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji.

Miaka sabini iliyofuata nitaipita haraka, si kwa sababu haina maana bali kwa sababu ilikuwa maisha ya kawaida, na maisha ya kawaida ndiyo yaliyoiandaa kwa mambo yaliyokuja. Liemba ilikwenda kusini hadi Mpulungu na kurudi, na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi ilifika Bujumbura pia. Katika miaka ya 1970 injini ya mvuke iliondolewa, ikawekwa ya dizeli. Ilibeba dagaa, mahindi, mananasi, mabati, mbuzi, harusi na misiba. Vijiji vingi vya kandokando havina gati. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, ikapiga honi, na mashua za mbao zikatoka mbio kuifuata, kila moja ikitaka kufika mlangoni kwanza. Abiria alipanda kwa kuvutwa mkono, mzigo wake ukarushwa baada yake, mtoto akapitishwa juu ya vichwa. Mabaharia wa Liemba wamefanya kazi hiyo usiku na mchana, kizazi baada ya kizazi. Hakuna chuo kinachoifundisha.

Kisha ukaja mwaka 1996. Oktoba mwaka huo vita vya kumwondoa Mobutu vilianzia Kivu Kusini, Uvira ikatekwa, na watu wa Uvira na Fizi wakavuka ziwa kwa mitumbwi kukimbilia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao. Mobutu alipoanguka Mei 1997, UNHCR iliikodi Liemba kuwarudisha makwao, kutoka Kigoma hadi Uvira, njia ambayo Zimmer aliijua kama njia ya vita. Idadi inayotajwa ni zaidi ya watu 75,000. Meli iliyokuwa tishio la kuwashusha askari kwenye fukwe za Kongo ilikuwa inawashusha Wakongo kwenye fukwe zao.

Kurudi huko hakukudumu. Agosti 1998 vita vya pili vya Kongo vilianza, na watu walewale wa Uvira, Fizi na nyanda za juu za Itombwe wakaanza kufunga mizigo tena. Wengi walirudi Tanzania. Wengine waliingia Burundi, nchi iliyokuwa bado katika vita vyake. Ndipo Muyinga inapoingia katika hadithi hii.

Muyinga iko kaskazini mashariki, mbali na ziwa kuliko karibu mji mwingine wowote wa Burundi. Ni nchi ya mipaka: Kobero iko mlangoni mwa Tanzania, na Rwanda iko karibu kaskazini. Wakimbizi wameipita Muyinga pande zote. Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Warundi walimiminika kupitia huko kwenda Ngara. Mwaka 1994 Wanyarwanda waliingia kwa upande mwingine. Machi 31, 1995, Tanzania ilipofunga mpaka wake, wapo waliokwama njiani, hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Halafu kuanzia 2002 Wakongo wakawekwa katika komine ya Gasorwe, katika kambi ya Kinama. Watu waliozaliwa wakisikia mawimbi ya Tanganyika wakajikuta kwenye vilima vya kahawa na migomba, wakipika ugali wa mhogo waliouzoea pale walipoupata, na kusema Kiswahili chao cha Uvira ambacho wafanyabiashara wa soko la Muyinga walikielewa mara moja. Lugha iliyoletwa na askari na wachuuzi wa zamani ilifaa kitu. Mama wa Fizi aliweza kuuliza bei ya maharage bila mkalimani.

Nasisitiza Gasorwe kwa sababu tumezoea kuihesabu Burundi kama nchi inayotoa wakimbizi. Imekuwa pia nchi inayopokea, tena wakati yenyewe haina amani, na waliobeba mzigo huo zaidi ni wakulima wa sehemu kama Muyinga ambao ardhi yao ni finyu na kuni zao ni chache.

Aprili 2015 Burundi ikatoa tena. Rais Nkurunziza alipotangazwa kuwa mgombea kwa muhula wa tatu, maandamano yalianza Bujumbura, na tarehe 13 Mei kukatokea jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Mikoani watu walikuwa wameshaanza kuondoka, wengi wao wakisimulia vitisho vya Imbonerakure, vijana wa chama tawala, na hofu ya kuyaona tena mauaji ya 1972 na 1993. Kila mkoa ulikuwa na mlango wake. Kutoka Kirundo na Muyinga walielekea Bugesera nchini Rwanda, kisha kambi ya Mahama, au walivuka kwenda Ngara. Waliotoka kusini, Makamba na Rumonge, na waliofika huko kutoka bara, walishuka ziwani. Mamia kwa mamia, kisha maelfu, waliingia Kagunga.

Kagunga ni kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya maji na mlima mkali, mara tu baada ya mpaka. Wakati huo hakikuwa na barabara ya gari. Katikati ya Mei palikuwa na watu wapatao 50,000 kwenye ufuko huo mwembamba, wakilala mchangani, wakinywa maji ya ziwa lilelile walilojisaidia kandokando yake. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei, wagonjwa walikuwa karibu 3,000 na waliokufa 31, na kati yao walikuwemo Watanzania wawili. Kutoka pale kulikuwa na njia mbili: kuupanda mlima kwa miguu, au ziwa.

Liemba ikaitwa. Ilikuwa na umri wa miaka mia moja tangu iingizwe majini. Ilichukua watu 600 hivi kwa safari moja, na Kagunga haikuwa na gati. Ndipo kazi ya vile vijiji visivyo na gati ilipoonyesha thamani yake. Mashua za mbao ziliwachukua watu ufukoni, wao wakiingia majini hadi kiunoni, godoro limekunjwa kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni, na kuwapeleka hadi ubavuni mwa meli iliyosimama kwenye kina. Mabaharia waliwavuta mmoja mmoja kupitia mlango uleule walioingizia magunia ya dagaa juma lililotangulia. Chombo kipya cha kisasa chenye ngazi ya kushusha gatini kisingefaa lolote pale. Wagonjwa walitengwa, wakapewa maji ya chumvi na sukari. Baada ya saa chache meli ilifika Kigoma, watu wakapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kuandikishwa, kisha wakapanda mabasi kwenda Nyarugusu. Meli ikageuka kurudi Kagunga.

Nyarugusu ilikuwa kambi ya Wakongo, ileile iliyofunguliwa 1996. Kwa hiyo Mrundi wa 2015 alipewa kiwanja kando ya Mkongo ambaye huenda meli hiyohiyo ilimrudisha Uvira mwaka 1997, naye akakimbia tena. Nduta ikafunguliwa upya Oktoba, Mtendeli mwanzoni mwa 2016. Waliokimbia Burundi kwa jumla walipita 400,000.

Wengi wamesharudi. Kuanzia 2017 misafara ilitoka Tanzania, na kuanzia Agosti 2020 ilitoka Rwanda pia. Muyinga kikajengwa kituo cha mpito, Kinazi, ambako familia hulala siku chache, watoto huchunguzwa afya, watu wazima hupewa karatasi, chakula na fedha za kuanzia, kabla ya basi kuwapeleka kwenye milima yao. Hapo ndipo kesi huanza: shamba linalimwa na mwingine, mpaka umehamishwa, nyumba imeezuliwa. Kazi ya abashingantahe, wasuluhishi wa jadi, na wazee wa mlimani ni ngumu kuliko ya nahodha yeyote, na hakuna filamu itakayotengenezwa juu yake.

Liemba yenyewe iliacha kusafiri miaka michache baada ya Kagunga kwa sababu ya uchakavu, na mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilisaini mkataba wa kuifufua. Nikisikia hivyo huwaza njia zake. Bandari ya Bujumbura imekuwa ikiboreshwa, na barabara ya kutoka Gitega ni kilomita mia moja hivi. Mtu wa Gitega au Muyinga ameijua meli hii kwa kubebeshwa risasi za walioiwinda, kwa kuwapokea Wakongo waliorudishwa nayo bila amani ya kuwaweka, na kwa ndugu walioipanda Kagunga na godoro kichwani. Ratiba mpya ikiandikwa, Bujumbura iwemo, ili safari hii mtu huyo apande mwenyewe, na tiketi mkononi na gunia lake la maharage, akauze Kigoma na kurudi juma lijalo.